Mtani Aliyeninyang'anya Ski

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Baridi ilikuwa ya kugandisha kope, na mtani wangu akaninyang'anya ski mbele ya kadamnasi, nami sikuwa na haki hata ya kununa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilihesabu mara mbili, maana magoti yalidai ni zaidi.

Nakuandikia habari hii kwa sababu juzi uliniambia una miaka thelathini na miwili na umeshachelewa kurudi darasani. Sikukujibu pale pale. Mzee akijibu upesi, ujue hajasikia. Basi kaa vizuri. Jibu langu ni refu na lina theluji ndani yake.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili nilikuwa na duka la vyakula vya nyumbani kule Brooklyn Center: unga, dagaa, maharage, na mchele wa kila aina isipokuwa ule anaouulizia mteja. Nyumba yetu ilikuwa Apple Valley, ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila siku nilikata miji yote miwili pacha ya huku asubuhi na kuikata tena jioni. Mimi ni Mpare wa Usangi, na sifa zetu unazijua. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili afungue kesi ya kuku. Ni uongo. Ng'ombe hauzi, ataomba lifti mpaka mahakamani.

Karibu na kwetu kulikuwa na kilima. Watu wa huku wanakiita mlima, nami niliwaachia, mgeni habishani na mwenyeji. Theluji ikishika, watoto wa shule huenda pale baada ya masomo kuteleza kwa ski, zile mbao mbili za kufunga miguuni. Binti yangu Nuru, ambaye wewe umemjua ukubwani, hakuridhika na kuteremka tu kama wengine. Yeye alipenda upande ule wa vichuguu, mahali wanapochonga theluji ikainuka kama kichuguu, mtoto akaja kwa kasi, akaruka, akazunguka hewani, akatua akiendelea na safari yake. Mimi nilisimama chini na chupa ya chai ya tangawizi, nafumba macho, nafumbua nikimsikia anacheka.

Alipokuwa na miaka kumi na minne akaanguka vibaya, kifundo cha mkono kikavunjika mbele ya wenzake. Mkono ukafungwa hogo la plasta, hogo likafunguliwa, mfupa ukaunga, daktari akasema haya, nenda kaendelee. Nuru hakuendelea. Majira ya baridi yaliyofuata buti zake zilikaa gereji. Wala haikuwa kilima peke yake. Aliacha kwaya, akaacha mpira wa wavu, akaacha kila jambo ambalo mtu anaweza kukosea watu wakiona. Mtoto aliyekuwa anaijaza nyumba kwa kelele akawa anakula kimya na kupanda chumbani kwake. Hilo lilinitisha kuliko mfupa. Mfupa una daktari wake.

Jioni moja tukiwa ndani ya gari nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nuru Kiswahili anakielewa karibu chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote waliokulia huku. Akaniuliza uhunzi ni kitu gani. Nikamweleza. Tulipofika taa nyekundu akasema:

"Kwako ni rahisi kusema, Baba. Wewe unasimama chini na chai."

Mwanangu, nimebishana na wenye nyumba, na wauza jumla, na bibi mmoja wa kodi aliyekuwa na kalamu tatu. Sijawahi kusikia shitaka fupi kama lile, lisilo na upenyo wa utetezi. Basi nikafanya nilichozoea mtu akinishinda. Nikatafuta mapatano.

"Nikiruka mimi kwenye kichuguu kile, nikazunguka mzunguko mzima, nikatua, kabla kilima hakijafungwa mwaka huu, utarudi?"

"Wewe?"

"Mimi."

"Hujui hata kusimama kwenye ski."

"Kusimama hakumo kwenye mapatano."

Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Akaweka masharti yake, maana damu haipotei: mzunguko uwe mzima, si nusu, yeye auone kwa macho yake, na mkono wangu usiguse chini. Akanipa mkono tukubaliane. Akanipa ule uliovunjika.

Kesho yake nikaenda duka moja la vifaa vya michezo vya mitumba kule mtaa wa Phillips. Ski zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama mbao, na bei, sikiliza hapa, bei ilikuwa moja, fupi na ndefu. Nikajisemea, hawa watu hawajui biashara. Nikachagua ndefu kuliko zote. Nikazigonga kwa vidole, zikalia kama mbao ya mninga. Nikajaribu kuzipinda, zikakataa. Nikasema hizi ndizo, kitu kigumu ndicho kinachodumu. Muuzaji akaniuliza nataka kufanya nini, nikamwambia kuruka na kuzunguka. Akanitazama toka kofia hadi kiatu, akasema hizo ni za mashindano ya mbio, heri nichukue fupi na laini, zilizopinda mbele na nyuma. Nikacheka kimoyomoyo. Muuzaji anayekushauri upokee kidogo kwa bei ile ile, huyo hata kwetu yupo. Nikaomba anipunguzie, akanipunguzia, nikatoka pale nimejaa ushindi. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Siku ile sikuwasikia, upepo ulikuwa mkali.

Sasa nikujulishe mtani wangu. Mzee Shirima alikuwa Mchaga, bwana shamba mstaafu, ameletwa na mwanawe mhandisi aishi naye Apple Valley. Tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, na aliposikia mimi ni Mpare akafurahi kama aliyeokota kitu chake kilichopotea. Wachaga na Wapare ni watani tangu mababu, na utani, mwanangu, nyie wa huku mnaudhani ni kuchekeshana. Utani ni ruhusa. Mtani wako ana ruhusa ya kukwambia ambalo ndugu yako analimeza. Anaweza kukusimanga msibani. Anaweza kuchukua kitu chako akaondoka nacho, usikipate mpaka umekikomboa, na ukikasirika, mkosaji ni wewe.

Mwanawe alikuwa kazini kila Jumamosi, basi mzee akawa anaomba nimpitie twende naye kilimani. Alikaa ndani, kwenye jengo la chakula, karibu na dirisha, na chai yangu. Nuru naye alikaa meza ya pembeni na vitabu vyake, kwa sababu sharti lilikuwa aone. Mimi nilikuwa nje, naanguka.

"Nyie Wapare," mzee aliniambia siku ya kwanza nilipoingia kujipasha moto, "mkiona theluji mnauliza kilo moja shilingi ngapi. Hii ni mali yetu. Kwetu ipo mlimani tangu Mungu aumbe dunia, nyie mlikuwa mnaichungulia kwa mbali."

"Shikamoo, mzee. Hiyo theluji ya kwenu umewahi kuigusa?"

"Marahaba. Mwenye ng'ombe halali zizini."

Kuteremka nilijifunza. Mtu akiamua, hata mteremko unamzoea. Lakini ski zile zilikuwa na tabia ya shahidi aliyelipwa: zinajua njia moja tu. Ukizigeuza hazigeuki. Kwenye kichuguu ndiko kulikuwa na aibu yenyewe. Narushwa hewani, nazungusha mabega, mbao zinabaki zimeelekea zilikotumwa, nashuka nimekaa upande upande. Nikifika nusu nikatua kinyumenyume, mikia ya ski, zile ncha za nyuma, ilikuwa butu, ikawa inachimba theluji kama jembe, na mimi ndiye mpini. Watoto wa pale walikuwa na adabu. Walisubiri niondoke njiani, hawakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Lakini sikuacha. Nilikuwa nafunga duka, navuka miji miwili, nakwenda kuanguka, narudi nyumbani kuchuliwa. Mama Nuru alikuwa ananichua mgongo kimya kimya. Usiku mmoja akasema, "Baba Nuru, mimi niliolewa na mtu mmoja. Nataka arudi huyo huyo, na vipande vyake vyote." Nikamwambia atarudi, akihesabu ataona. Akasema amejifunza kwangu, atahesabu mara mbili.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Nilikuwa nimeanguka asubuhi nzima. Naingia jengoni, nimeegemeza ski mlangoni, nikigeuka nakuta Mzee Shirima amesimama kando yake, amevaa makoti mawili, anaziminya kama mtu anayekagua ndizi.

"Wewe Mpare. Hizi ulizichagua kwa lipi?"

"Urefu na ugumu. Bei ilikuwa moja na zile fupi."

"Ukaona umewaweza."

"Niliwaweza."

Akatikisa kichwa polepole. "Samaki mkunje angali mbichi. Unaujua?"

"Naujua kabla sijaota meno."

"Wewe umeshakauka. Usinibishie, nakuona ukiinama kufunga buti. Sasa mtu mkavu juu ya mbao kavu, nani akunjike? Si mbao. Nenda katafute mbao mbichi, zikunjike kwa niaba yako."

Watu wakageuka. Kiswahili hawakijui, ila mzee akimkemea mwenzie inaeleweka kwa lugha zote. Kisha akanisogelea, sauti ikashuka, na utani ukamtoka usoni.

"La pili. Wiki zote hizi nimekaa dirishani, sikutazami wewe, wewe huna cha kutazamwa. Namtazama binti yako akikutazama. Anakuona unaanguka umeuma meno, unainuka umeuma meno. Uko kule kama mtu anayetafuta kushinda kesi. Mtoto amekimbia mahali palipomuumiza, na baba yake kila wiki anamwonyesha kwamba bado panauma. Arudi kufanya nini? Kilichompeleka kule mwanzo ni mchezo. Huwezi kumrudisha kwa kitu kingine."

Nikazitazama zile ski mlangoni.

"Na kitu cha kuchezea," akamalizia, "hakinunuliwi kwa urefu."

Halafu akaziweka ski zangu begani, miaka sabini na kitu ile, akatoka nazo kwenda maegesho, anapepesuka kama mchwa aliyebeba jani. Nikamfuata nikisema mzee, mzee, hizo ni mali yangu. Akajibu bila kugeuka, "Ilikuwa. Mtani haombi." Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mkono uvunjike. Nuru alikuwa anacheka, amejifunika uso kwa kitabu.

Nilirudi Phillips. Muuzaji aliponiona akaanza kuelekea kwenye ski ndefu, nikamwambia subiri. Safari hii nilishika ncha, nikaegemeza mkia kwenye mguu, nikasukuma katikati kwa kiganja. Iliyogoma niliiacha. Nilipata jozi moja fupi, zinafika kidevuni tu, zimepinda mbele na nyuma kama mdomo wa mtu anayetabasamu, vifungio vya buti vimekaa karibu na katikati ili zizunguke sawa huku na huku. Miaka ile zilikuwa bado mpya mjini, za mitumba zilikuwa za kubahatisha. Ukiipinda inakubali, ukiiachia inarudi na kukusukuma kidogo, kama mtu anayekwambia haya, tena. Rangi yake ilikuwa zambarau na manjano, imechorwa moto. Mtu wa makamo mwenye duka hawezi kuonekana nayo. Nikaichukua. Bei nilibishana, ndiyo, ila kwa heshima ya fani tu.

Mwanangu, tofauti ilikuwa kama ya kuendesha trekta na kucheza ngoma. Zile mbao zilinisamehe. Nikaacha kichuguu kikubwa, nikaanzia tambarare, ninazunguka chini bila kuruka, mzunguko baada ya mzunguko, kama kuku aliyepotelewa. Kisha nikajifunza kuteremka kinyumenyume. Kisha kuruka kidogo na kugeuka nusu, na mikia iliyopinda ikapokea theluji bila kuchimba. Nilianguka bado, ila nilianguka nikicheka, na anayecheka akianguka huanguka mlegevu, na mlegevu haumii sana. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Kulikuwa na jambo moja lililokataa. Nilikuwa nikifika robo tatu ya mzunguko, nakwama. Siku moja nikiwa nimelala chali natazama mawingu, kichwa cha Nuru kikatokea juu yangu. Alikuwa ametoka nje, bila kofia.

"Unaangalia miguu yako," akasema.

"Niangalie nini?"

"Unakokwenda. Geuza kichwa kwanza, tafuta mahali pa kutua. Miguu itafuata. Huwa inafuata tu."

Akarudi ndani. Nikabaki pale chini natazama mawingu zaidi ya ilivyohitajika.

Siku ya mwisho ya kilima ilifika mwishoni mwa mwezi wa tatu, theluji imelainika kama uji, nyasi zinachungulia pembeni. Mzee Shirima dirishani. Nuru chini ya kichuguu, amesimama, na nilipomtazama vizuri kutoka juu nikaona ameshika chupa ya chai. Yangu.

Nikaanguka mara ya kwanza. Nikaanguka ya pili. Ya tatu nikaja kwa kasi ya wastani, nikageuza kichwa, nikatafuta theluji ya kutua kabla haijafika, nikaiona, na dunia yote, jengo na maegesho na mzee wangu kwenye kioo, ikapita mbele ya macho na kurudi mahali pake. Nikatua. Kwa miguu, mwanangu. Nikayumba, nikachutama, kiganja kikagusa theluji kama mtu anayepapasa kitanda gizani, nikainuka, nikafika kwake nimesimama.

Nuru akanitazama. "Mkono umegusa."

Nilikuwa na hoja sita, na ya nne ilikuwa nzuri sana. Kwamba kugusa si kuegemea. Kwamba jua lilikuwa machoni mwake. Wapare wenzangu wangenisikitikia kwa nilichofanya. Nilisema, "Umegusa," nikavua ski, nikazibeba begani, kwa maana kamba ya kuvutia watu juu ilikuwa imeshazimwa kwa mwaka ule, nikaanza kupanda kwa miguu.

Nilikuwa karibu nusu ya kilima, napumua kama mvukuto, nikasikia hatua nyuma yangu. Nuru akaichukua ski moja begani kwangu, bila neno. Tukapanda. Kule juu nikakaa chini ili nivae. Akabaki amesimama anatazama kichuguu, muda mrefu, mkono mmoja ameshika kifundo cha mwingine.

"Baba," akasema. "Vua buti."

"Sijamaliza."

"Najua hujamaliza. Utamaliza mwaka kesho. Vua."

Buti zangu alizivaa na soksi zangu juu ya soksi zake, na ski zile fupi za kuchekesha zilimfika puani tu, kama zilinunuliwa kwa ajili yetu wote wawili. Ndefu zingemshinda. Hakuzunguka. Aliruka tu, kidogo, mikono imetanuka, akatua, akaenda mpaka chini kabisa mbele ya dirisha la Mzee Shirima. Mimi nilikuwa juu ya kilima, peku ndani ya viatu vya mtoto nilivyovikanyaga visigino, sina chai, sijafumba macho.

Majira yaliyofuata nilitua mzunguko mzima, mkono haukugusa. Nuru alisema "Sawa" na kunipita kwa kasi kwenda kwenye kichuguu kikubwa.

Ski zangu ndefu Mzee Shirima hakunirudishia. Kila nilipokwenda kuzikomboa, na makande ya sufuria nzima, mahindi na maharage ya kwetu, nilipeleka, alikula makande akasema deni limeongezeka. Alizipigilia ukutani gerejini kwa mwanawe, akatundikia kofia zake. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, watu wakajaa, vilio vimetanda, nikajua zamu yangu imefika. Nikaingia gerejini, nikatoka na ski begani, nikapita nazo katikati ya waombolezaji nikisema kwa sauti: huyu Mchaga alidhani atakwenda nazo, huko aendako mlima wa theluji anao wake, wa Mpare amuachie Mpare. Mwanawe alikuwa hajatoa chozi tangu asubuhi. Alicheka mpaka akalia, na alipolia nikamshika. Ndiyo kazi ya mtani.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Umri haukukatazi kujifunza. Ng'ombe hazeeki maini. Ila ukianza umekauka, usichague chombo cha kukuonyesha mkubwa, chagua kinachokunjika, kinachokusamehe, hata kama rangi yake inakuaibisha. Katika darasa unalolihofia, kaa kiti cha mbele, uliza swali la kijinga, cheka ukikosea, kisha rudia. Uamuzi wako uwe mgumu, mwili na moyo viwe laini. Wengi huligeuza hilo, uamuzi laini na moyo mgumu, wakavunjika. Geuza kichwa kwanza utazame unakotaka kutua. Na ukiwa na mtoto, usimtume mahali ambapo wewe unasimama chini na chai. Tena mtafute mtani, mtu mwenye ruhusa ya kukwambia, na akikunyang'anya ulichokishikilia, mfuate ukilalamika, lakini mwache aende nacho.

Mungu akupe magoti yanayochelewa kuchoka, na theluji laini pale utakapoangukia. Akupe mtu wa kukubebea ski moja mlima ukikushinda. Nawe siku utakayotua, mikono juu, awepo wa kukuona na kukwambia sawa.